Kafyu: Kutoka Kengele ya Kufunika Moto hadi Amri ya Dola

Utangulizi

Yako maneno ya kigeni ambayo mfasiri akiyakosea, kosa lake hukaa kitabuni miaka mingi bila kumdhuru mtu. Neno la Kiingereza "curfew" si la aina hiyo. Hutangazwa mchana, na jua linapokuchwa watu waliolielewa vibaya wamo njiani, na askari nao wamo njiani. Hakuna muda wa kuitisha kikao cha istilahi.

Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wamelikabili neno hili mara nyingi katika miaka ya karibuni. Wengine huandika "kafyu", wengine "amri ya kutotoka nje", na wengine "marufuku ya kutotoka nje". Madhumuni ya makala haya ni kueleza neno hili limetoka wapi, limepitia mabadiliko gani ya maana, linatumikaje leo katika Kiingereza cha kila siku, na Kiswahili kifanye nini nalo. Tutaonyesha kwamba historia ya neno si pambo la wasomi tu, bali humsaidia mfasiri kujua ni sehemu gani ya maana imekufa na ipi bado i hai.

Kifuniko cha moto

Neno hili si la Kiingereza kwa asili. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa cha wakati huo kikawa lugha ya watawala na ya mahakama, na kwa njia hiyo likaingia neno lenye sehemu mbili: ya kwanza maana yake "funika", na ya pili "moto". Kifaransa cha leo bado huandika "couvre-feu", na msemaji wa lugha hiyo huziona sehemu zote mbili waziwazi. Mwingereza haoni kitu. Kwake neno limekwisha kusagika likawa kitu kimoja, na asipoelezwa hawezi kujua kwamba anapolitamka anataja moto.

Jambo hili lisitushangaze, kwani nasi tumefanya vivyo hivyo. Anayesema "manowari" hafikirii kwamba ndani yake mna maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya mtu, ya na vita. Lugha hupokea fungu zima, hulifunga kamba yake yenyewe, na kusahau yaliyomo.

Lakini kwa nini watu waamriwe kufunika moto? Nyumba za miji ya Ulaya katika karne za kati zilikuwa kwa kawaida za mbao, nyingi zikiwa zimeezekwa kwa nyasi na kubanana katika vichochoro. Moto ulikaa katikati ya chumba, juu ya sakafu. Kuuzima kabisa kulikuwa taabu, maana kuwasha mwingine asubuhi hakukuwa kazi rahisi. Basi watu walifanya kile ambacho mama zetu wamekifanya siku zote kati ya mafiga matatu: waliyafukia makaa majivuni ili yalale bila kufa. Palikuwa pia na chombo cha chuma chenye mkono, mfano wa chungu kilichokatwa nusu, kilichosukumizwa juu ya makaa. Chombo hicho nacho kiliitwa kwa jina hilo hilo.

Hofu yenyewe haikuwa ya bure. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate mjini London, katika njia iitwayo Pudding Lane, na kwa siku chache ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000 na makanisa 87.

Kengele

Amri ya kufunika moto ilihitaji saa moja kwa watu wote, na watu hawakuwa na saa majumbani. Kwa hiyo mji ulipiga kengele, ama ya kanisa ama ya baraza, saa 2 au saa 3 usiku. Hapo ndipo maana ilipohama mara ya kwanza. Jina la tendo la kufunika likawa jina la kengele inayotangaza tendo hilo, kisha likawa jina la wakati ambapo kengele hupigwa.

Inasimuliwa mara nyingi kwamba mfalme William, yule aliyeitwaa Uingereza, ndiye aliyeianzisha kengele hii ili Waingereza wasikutane usiku kupanga uasi. Wanahistoria hawakubali kwamba ndiye mwanzilishi, kwani desturi ya kengele ya jioni ilienea katika miji mingi ya Ulaya ambayo yeye hakuitawala. Hata hivyo simulizi hii ina mafunzo, maana inaonyesha kuwa watu waliona tangu zamani jinsi amri ya kuzuia moto inavyoweza kuwa pia amri ya kuzuia watu.

Ushahidi wa jambo hilo upo katika sheria. Mwaka 1285, katika enzi ya mfalme Edward wa Kwanza, sheria za mji wa London zilikataza mtu yeyote kuonekana barabarani na upanga, ngao au silaha nyingine baada ya kengele hiyo kupigwa katika kanisa la St Martin's le Grand, isipokuwa awe mtu mkubwa au mtu mwingine mwema anayejulikana. Tuyatazame vizuri maneno hayo. Moto hautajwi tena. Kengele imekuwa mpaka kati ya saa ambazo mtu hutembea bila kuulizwa na saa ambazo hana budi kujieleza. Tena tayari yupo asiyeguswa na amri, yaani mtu mkubwa. Mambo mawili haya, kujieleza na kusamehewa, hayajaachana na neno hili hadi leo.

Katika sehemu nyingine kengele ilibaki kuwa desturi ya upole. Katika chuo cha Christ Church, Oxford, kengele kubwa iitwayo Great Tom hupigwa mara 101 kila usiku, kwa hesabu ya wanafunzi wa chuo hicho wa zamani, na zamani ilikuwa ishara ya kufunga malango. Hupigwa saa 3 na dakika 5, kwa kuwa Oxford iko magharibi ya Greenwich, na saa ya jua ya mji huo huchelewa dakika 5. Pale neno hili halimtishi mtu. Humkumbusha tu kwamba siku imekwisha.

Kengele, mbiu na dola

Sisi pia tulikuwa na sauti ya kuwaita watu pamoja. Tunasema: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ilikuwa pembe iliyopulizwa kabla ya tangazo, na leo "kupiga mbiu" ni kutangaza, hata kama hapana pembe wala mpulizaji. Neno limehama kutoka chombo hadi tangazo, njia ile ile iliyopitwa na neno la Kiingereza. Na kengele nayo ina historia yake pwani. Katika kijiji cha Frere Town, Mombasa, kilichoanzishwa na wamisheni katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, iliwekwa kengele ya kuwatahadharisha wakazi dhidi ya wafanyabiashara ya utumwa. Mahali hapo panaitwa Kengeleni hadi leo. Kengele hiyo ilipigwa kuwalinda watu, si kuwafungia.

Kengele ya mkoloni ilikuwa kinyume chake. Katika miji kadhaa ya Afrika Kusini kengele ya kafyu ilipigwa saa 3 usiku, na Mwafrika aliyekutwa mjini baada ya hapo bila pasi ya maandishi alikamatwa. Mzungu aliyesikia kengele hiyo hiyo aliendelea na matembezi yake. Katika miji ya kikoloni ya Afrika Mashariki pia palikuwa na kanuni zilizomzuia Mwafrika kutembea usiku bila kibali. Yule "mtu mkubwa" wa sheria ya mwaka 1285 alikuwa amebadili sura tu.

Ukali wa neno hili ulifika kilele Kenya wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na kumalizika Januari 1960. Tangu katikati ya mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu pamoja na Waembu na Wameru, walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa kwa silaha. Viko vijiji vilivyoadhibiwa kwa kafyu ya saa 23 kwa siku. Yaani mwanakijiji aliachiwa saa moja tu ya kuteka maji, kutafuta kuni na kuchuma mboga. Katika hali kama hiyo neno "usiku", ambalo tumezoea kuliambatanisha na maana ya kafyu, linapoteza nafasi yake kabisa. Mfasiri na akumbuke kwamba kafyu si lazima iwe ya usiku.

Uhuru haukulifuta neno hili. Baada ya jaribio la kuipindua serikali ya Kenya tarehe 1 Agosti 1982, kafyu iliwekwa toka magharibi hadi alfajiri. Wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya iliweka kafyu ya nchi nzima kuanzia Ijumaa tarehe 27 Machi 2020, na Uganda ikaweka yake mwaka huo huo, ambayo haikuondolewa hadi tarehe 24 Januari 2022. Jijini Dar es Salaam kafyu ilitangazwa tarehe 29 Oktoba 2025, kuanzia saa 12 jioni. Katika hizi zote hapana aliyegonga kengele. Tangazo lilipita katika redio, runinga na simu za mkononi, na kwa hiyo maneno ya tangazo yamebeba peke yake mzigo uliokuwa wa kengele.

Matumizi ya kila siku katika Kiingereza

Mfasiri hukutana na neno hili katika maana tano zilizo hai, na si vema kuzitafsiri zote kwa namna moja.

Kwanza ni amri ya dola kwa watu wa eneo fulani wabaki majumbani kwa saa zilizotajwa. Hii ndiyo kafyu tunayoizungumzia hasa.

Pili ni saa ambayo mzazi, au mkuu wa bweni, amemwekea kijana awe amerudi. Hapa "kafyu" ni neno zito mno, na "amri ya kutotoka nje" ni kosa, kwa kuwa kijana ameruhusiwa kutoka. Tuseme "saa ya kurudi nyumbani" au "saa ya mwisho ya kurudi".

Tatu ni sharti la mahakama. Katika Uingereza hakimu aweza kumwamuru mshtakiwa au mfungwa wa nje akae katika nyumba iliyotajwa kwa saa fulani za siku. Tafsiri inayofaa ni "sharti la kukaa nyumbani", pamoja na saa zake.

Nne ni katazo la ndege kuruka na kutua usiku. Sydney, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1995 inayozuia safari nyingi za ndege kati ya saa 5 usiku na saa 12 asubuhi. Hapa hapana mtu anayeamriwa kubaki nyumbani. Ni "zuio la ndege usiku".

Tano ni maana ya kale, yaani kengele yenyewe, ambayo hupatikana katika mashairi na riwaya za Kiingereza. Anayefasiri maandishi hayo akiandika "kafyu" atamletea msomaji wake picha ya askari na vizuizi vya barabarani, ilhali mtunzi alikusudia utulivu wa jioni. Aandike "kengele ya jioni".

Makosa yanayodhuru

Sasa tuyatazame makosa manne ambayo yanaweza kumfikisha mtu mahali pabaya.

La kwanza ni "marufuku ya kutotoka nje". Fungu hili limeenea sana katika matangazo, lakini linasema kinyume cha kinachokusudiwa. Marufuku ni katazo, na kutotoka ni kubaki ndani. Basi kinachokatazwa ni kubaki ndani! Ama tuseme "amri ya kutotoka nje", ama tuseme "marufuku kutoka nje". Hatuwezi kukanusha mara mbili tukabaki na maana ile ile. Wako watakaosema kwamba wananchi huelewa tu. Ni kweli huelewa, kwa sababu wamekwisha kuizoea hali yenyewe. Lakini maandishi ya sheria hayaandikwi kwa kutegemea kwamba msomaji atalisahihisha kosa la mwandishi.

La pili ni hesabu ya saa. Kafyu ya Kenya ya mwaka 2020 ilitangazwa kwa Kiingereza kuwa ni kati ya tarakimu 7 ya jioni na tarakimu 5 ya asubuhi. Kwa Kiswahili ni saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Mfasiri aliyechoka akiihamisha tarakimu kama ilivyo, akaandika "saa 7 usiku", amewapa wasomaji wake saa 6 zaidi za kutembea, na saa zote hizo ni za hatari. Tarakimu 12 ndiyo mbaya kuliko zote, maana saa 12 jioni ya Kiswahili ni machweo, na ile ya Kiingereza ni ama adhuhuri ama usiku wa manane. Tena haitoshi kuandika "saa 1" peke yake, kwani saa 1 ni mbili katika siku.

La tatu ni jina la usiku. Kwa mapokeo ya Waswahili siku huanza jua linapokuchwa, na wako wengi ambao kwao "usiku wa Jumamosi" ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Kwa mtu aliyezoea hesabu ya Kiingereza, huo ni usiku wa Ijumaa. Dawa tunayo tayari katika lugha, nayo ni kusema "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi".

La nne ni neno "nje". Katika nyumba zetu nyingi choo kiko uani, kisima kiko uani, na jiko pia. Bibi kizee akiambiwa asitoke nje, ana haki ya kuuliza kama uani ni nje. Amri yenyewe kwa Kiingereza husema kwa kawaida kwamba kila mtu abaki ndani, na mwanasheria hujua mipaka ya ndani iko wapi. Mwananchi hajui, na tafsiri iliyo aminifu haina budi kumwambia. Aidha kafyu isichanganywe na hali ya hatari. Hali ya hatari ni tangazo la kikatiba lenye mambo mengi ndani yake, na kafyu yaweza kuwekwa bila hilo.

Tunayasema haya si kwa kupenda ubishi wa maneno. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya Kenya, watu waliokuwa wakingoja feri katika kivuko cha Likoni, Mombasa, walipigwa na kurushiwa gesi ya kutoa machozi kabla saa yenyewe haijafika. Wao walikuwa wakirudi makwao. Tarehe 16 Aprili mwaka huo Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kwamba kafyu ilikuwa halali, lakini nguvu za kupita kiasi zilizotumiwa na polisi katika kuitekeleza zilivunja Katiba. Hapana tafsiri ingaliweza kuwazuia askari wale wasipige watu. Lakini ikiwa mtu anaweza kuumizwa hata pale alipoielewa saa sawasawa, ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba hapana anayeumizwa kwa sababu sisi tumemwambia saa isiyo yake.

Mapendekezo

Je, tupate neno la asili? "Mbiu" limekwisha kushika maana ya tangazo lolote. "Mgambo" kwa wasemaji wengi wa leo, hasa Tanzania, ni askari wa akiba. Tafsiri ya moja kwa moja, yaani "kufunika moto", ingalimrudisha msomaji katika maana ambayo hata Waingereza wameisahau. Kwa hiyo tunaona kwamba "kafyu" linastahili kupokelewa kuwa istilahi. Umbo lake halisumbui ulimi wa Mswahili, kwani sauti "fyu" ni ndugu ya "fya" na "fye" za fyatua na fyeka. Tena linazaa mafungu mafupi yaliyo wazi: kuweka kafyu, kulegeza kafyu, kuvunja kafyu, kuondoa kafyu. Liingizwe katika ngeli ya nomino kama kalamu na meza: kafyu hii, kafyu hizi.

Hata hivyo neno fupi halitoshi kwa tangazo. Linapotajwa mara ya kwanza lifuatwe na maelezo, na maelezo hayo yataje mambo matano: eneo, saa ya kuanza pamoja na sehemu ya siku, saa ya kwisha pamoja na sehemu ya siku, mipaka ya "ndani", na watu walioruhusiwa kutembea. Kwa mfano: "Kafyu imewekwa mjini. Kila mtu abaki ndani ya nyumba au ua wake kuanzia saa 1 usiku wa Ijumaa hadi saa 11 alfajiri ya Jumamosi, isipokuwa wauguzi na wengine wenye kibali cha maandishi." Sentensi hizi ni ndefu kuliko neno moja, lakini asiyejua "kafyu" ni nini atazielewa, na anayejua hatapotezwa.

Kafyu ya korona nchini Kenya iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, katika Sikukuu ya Mashujaa. Ni tarehe ile ile ambayo mwaka 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari, na ndiyo sababu siku hiyo inaadhimishwa. Wazee walioiona miaka ile ya vijiji vya mahandaki walikuwa wamelisikia neno hili tena, kwa redio, likitamkwa na serikali yao wenyewe kwa sababu nyingine kabisa. Kamusi ikiandika maana ya kafyu, na iandike kwa namna ambayo wazee hao na wajukuu zao wote wataitambua.